Kigoda Kilichoelekea Saa

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi ya wakili mmoja Mhindi, katikati ya Nairobi, na mimi na Mungu tulikuwa tumenuniana. Au tuseme mimi ndiye niliyenuna. Mara tatu nilikuwa nimeomba nafasi chuo cha ualimu, mara tatu wakaninyima. Kanisani nilijifanya mtu wa subira. Nyumbani Riruta nilichambua mboga huku nikilia, nikimuuliza Mungu wakati wake utafika lini, maana wangu ulikuwa unakwisha.

Ofisini palikuwa na mzee wa chai, mtu wa Kinoo, anayekaribia miaka sabini. Siku moja akaniomba nimfundishe kusoma. Kanisani kwao hakuna mtu mzima aliyebatizwa kabla ya kusoma Injili mbele ya baraza la kanisa. Mke wake alikuwa amebatizwa zamani; yeye walikuwa wamemrudisha mara mbili. Alitaka kushiriki meza ya Bwana pamoja na mke wake kabla mmoja wao hajafa, basi.

Nasema kweli, sikutaka. Nilimwambia nina dakika kumi tu, zile za kungoja maji ya chai yachemke. Kila saa nne kasorobo nilikaa kwenye kigoda jikoni, nimeelekea saa ya ukutani ili muda wangu usiibiwe, kitabu changu cha Injili kiko magotini. Yeye alichuchumaa ng'ambo ya stovu, anapiga pampu, nami nikimwonyesha herufi kwa sindano ya kufumia. Kitabu hakukigusa hata siku moja. Mikono yake ilinuka mafuta ya taa, na mimi nilikuwa mkali kwa vitu vyangu. Birika likianza kuimba nilikifunga kitabu, hata kama yuko katikati ya neno.

Mwaka ukapita hivyo. Ikafika hali anamaliza ukurasa mzima kabla maji hayajachemka, nami ninapiga miayo na kuangalia saa.

Jumamosi kabla ya Pasaka aliniomba nimsindikize. Lilikuwa kanisa la mabati, baraza limeketi mbele, mke wake kwenye benchi la kwanza akisokota ncha ya leso. Mchungaji akafungua Injili, akampa. Yule mzee akaipokea, akaitazama, kisha akaigeuza juu chini.

Watu wakacheka chinichini. Mmoja wa baraza akasema, kwa upole kabisa, kwamba anayeshika kitabu hivyo hajui kusoma, na arudi mwaka ujao. Mke wake akainamisha uso. Mimi papo hapo nikaelewa. Mwaka mzima alikuwa amekitazama kitabu changu kutoka ng'ambo ya stovu. Herufi alizijua hivyo tu, miguu juu.

"Hivi ndivyo mwalimu alivyonifundisha," akasema, na akaanza kusoma.

Alisoma polepole, kidole kikitoka kulia kwenda kushoto, kikipanda mstari baada ya mstari. Ilikuwa sura ambayo hatukuwahi kuigusa. Mchungaji akazunguka, akasimama mbele yake, akafuata kila neno, na hakupata kosa. Jamani! Miaka mitatu nilikuwa namlilia Mungu anifanye mwalimu, naye alikuwa amenipa darasa kila asubuhi, na mimi nimekaa pale nikilihesabia dakika. Aliubeba hata uchoyo wangu akautumia kutimiza kusudi lake. Hofu iliyonishika siku ile ilikuwa tamu, na mpaka leo sijui kuieleza.

Alibatizwa kesho yake. Nilimwona yeye na mke wake wamepiga magoti bega kwa bega mezani pa Bwana, nikalia bila kujali nani ananiona.

Jumanne, saa nne kasorobo, nilibeba kigoda changu nikakiweka upande wake wa stovu, saa ikabaki mgongoni kwangu. Nikamkabidhi kitabu mikononi, hata kama ilinuka mafuta ya taa. Akakitazama kimesimama sawasawa, akacheka, akasema haoni hata herufi moja anayoijua. Tukaanza tena na a. Maji yalichemka mpaka yakapungua nusu, na wakili akanywa chai yake saa tano.