Siku Elfrida Alipomtoa Mzazi Nje

Zamani kuku walikaa jikoni pamoja na watu msimu mzima wa theluji, ndani ya benchi lenye fito kama dirisha la jela, na leo watu wanalihamishia benchi hilo sebuleni na kulipangia maua ya plastiki.

Katika kijiji kizima ni Elfrida peke yake aliyekataa upuuzi huo. Benchi lake lilibaki jikoni karibu na jiko la kuni, na majira yale ya kuchipua aliatamia humo Mama Kijivu, kuku wa kienyeji wa mwisho, mfupi wa miguu, mwenye manyoya mazito utadhani kavaa sweta. Elfrida alikuwa amekamua ng'ombe wa watu tangu utotoni, akaolewa na mpasua mawe, akamzika, na katika hayo yote hakuwahi kulala katika nyumba isiyo na kuku.

Kuku wake wengine walikuwa weupe, wa kisasa, zawadi ya binti yake Gunnel aliyekuwa akiishi mjini. Walitaga kama mashine wala hawakujua kuatamia. Mwaka uliotangulia Mama Kijivu alipototoa, hao weupe, wakiongozwa na jike mmoja mrefu aliyebandikwa jina la Meneja, waliwadonoa vifaranga wote wakafa kabla Elfrida hajafika uani. Sasa Mama Kijivu alikuwa amezeeka. Vifaranga aliowatotoa safari hii wakifa, mbegu imekwisha, na hakuna duka la kuinunua.

Jirani yake Hjalmar, seremala mstaafu, alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana hakubisha sana Elfrida alipomwita kutoka ng'ambo ya ua.

"Kesho mchana uje kahawa, na uvae shati safi. Namtoa mzazi nje."

"Nivae shati kwa ajili ya kuku?"

"Kwa ajili yangu hujawahi kulivaa. Labda kuku utamwonea haya."

Akalivaa. Chini ya mtufaa alimkuta Tyra, mjane wa mpiga kengele wa kanisa, mwanamke ambaye ulimi wake haukujua likizo. Tayari alikuwa akihesabu biskuti mezani, ambazo kwa desturi ya huko hazipungui aina saba.

"Aina sita tu! Shoga, mwaka huu kuna njaa?"

"Ya saba imo kwenye oveni," alisema Elfrida. "Kaa, ulimi upumzike."

Elfrida alikuwa amemwaga shayiri nyuma ya banda la kuni, na hao weupe wote walikuwa huko wakigombania. Akamtoa Mama Kijivu kimya kimya, akamweka kwenye majani karibu na meza, vifaranga wakimiminika nyuma yake.

"Humpeleki kwao," alimwambia Hjalmar kwa sauti ya chini. "Unaacha wamkute keshakaa kama mwenye nyumba."

Mipango yake ilikuwa mizuri. Kilichoivuruga ni adabu. Biskuti za aina ya saba, za lozi, zilitoka oveni, zikaliwa ikabaki moja, na katika nchi ile mtu aliyelelewa na mama yake hachukui kipande cha mwisho.

"Chukua, Hjalmar."

"Aa, mimi nimeshiba. Tyra, chukua."

"Mimi? Nitapasuka!"

Hjalmar aliitamani mpaka mate yakamjaa, lakini heri angevua suruali kuliko kunyoosha mkono. Sahani ikasukumwa huku, ikasukumwa kule, mpaka ikatua ukingoni mwa meza. Wazee watatu walikuwa wangali wanabembelezana pale Meneja alipotokea nyuma ya banda. Aliiona. Akaruka.

Sahani ilipinduka, biskuti ikavunjika katikati ya vifaranga, na Meneja akashuka pale pale na mdomo wake ule. Hjalmar alikurupuka, akashika ufagio. Elfrida akamkamata mkono wa shati.

"Kaa chini!"

"Atawaua!"

"Ukimpigania leo, kesho nani atampigania? Kaa, wee mzee!"

Hakumwachia. Mama Kijivu alifura akawa kuku wawili. Alimrukia Meneja mgongoni, akamng'ang'ania shingo, na manyoya meupe yakatua kwenye vikombe. Meneja alikimbilia chini ya meza, akapita katikati ya miguu ya Tyra, ambaye alimtaja Mungu na shetani kwa pumzi moja. Weupe wengine walikuja mbio kutazama. Mama Kijivu akawageukia mmoja mmoja. Wakasimama mbali. Kisha akaita kwa sauti ya chini, akawavunjiavunjia wanawe biskuti, na hao weupe wakangoja masalia. Hata Meneja alingoja, wa mwisho.

Elfrida aliachia shati la Hjalmar. Lilikuwa limekunjamana kama karatasi.

"Ningeila mimi mapema," alisema Hjalmar, "haya yasingetokea."

"Basi ashukuriwe mama yako kwa malezi," alisema Elfrida, akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni.

Kiangazi kikapita, vifaranga wakawa mitetea, kijivu kama mama yao. Kiwanda cha maziwa kikafungwa, duka likafuata, basi likaacha kupita. Wakubwa waliopanga hayo hawakuwahi kubeba ndoo ya maji wakiwa na goti bovu kama la Elfrida. Gunnel alimtengea mama yake nyumba ndogo yenye uwanja nyuma ya kwake, na Elfrida alikubali kwa sharti moja.

Hjalmar ndiye aliyesaidia kulipakia benchi kwenye tela la gari la Gunnel, kuku wengine wote wakiwa ndani. Mama Kijivu alipakatwa na Elfrida mbele.

"Leo umevaa shati safi bila kuambiwa," alisema Elfrida dirishani.

"Nimekuja kuwaaga kuku."

"Najua."

Gari likateremka, likapita penye kiwanda chenye milango iliyopigiliwa mbao. Kati ya fito za benchi vichwa vya kijivu vilichungulia, vyeupe vikiwa nyuma yake, na nyuma kabisa, kwenye kona, kichwa cha Meneja.