Mkwe Wangu na Kadi Iliyokataliwa

Mkwe wangu ni fundi wa kompyuta. Ndivyo anavyojitambulisha, na kwa kuwa nakula kwake na kulala kwake, simbishii mbele za watu. Lakini fundi ninayemjua mimi akimaliza kutengeneza kitu humrudishia mwenyewe. Huyu akimaliza hukaa nacho, akakitazama, akawatangazia wenzake kwenye simu, kama kuku aliyetaga yai moja akaamsha mtaa mzima.

Wenzake hao wanamwita Hakifi, maana hajawahi kukubali kwamba kitu kimekufa. Chumba cha mbele kimejaa maiti anazozikatalia kuzikwa: vioo vilivyopasuka, kibodi zilizong'oka herufi, nyaya zilizosokotana chini ya kochi. Binti yangu hupita humo kiubavu na beseni lake la nguo. Nikisema neno, ananikatiza.

"Mama, muache mume wangu. Anaijua kazi yake."

Basi naendelea kumdharau kimoyomoyo.

Mwaka jana binti aliitwa na karakana ya samani. Walitaka mtu wa kuchora makabati kwenye kompyuta, wakampa jaribio: achore kabati la jikoni, apeleke mchoro Jumamosi asubuhi. Akifaulu, kazi ni yake. Kazi ya namna hiyo alikuwa ameitafuta tangu amalize masomo, na siku ile nilimkuta anacheka peke yake jikoni. Tatizo ni kwamba programu ya kuchorea ya karakana haikubali mfumo wa zamani wa kompyuta. Ilitaka mpya.

"Nitaazima ya jirani," binti alisema.

Hakifi akavimba. "Mke wangu mimi aazime kompyuta? Watu watanionaje?"

Akaweka mfumo mpya kwenye kompyuta yao ya mezani. Ukakaa vizuri, ila ukaikataa kadi ya picha, kile kipande cha ndani kinachochora kila unachokiona kwenye kioo. Kadi ilikuwa kuukuu. Walioitengeneza walishaacha kuiandikia draiva, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha kuelewana na mfumo. Maandishi yakawa makubwa yenye ukungu, na programu ya karakana ikagoma kufunguka. Kadi, walioiunda wenyewe wameitupa, mfumo hauitaki, mtu mwenye akili zake angemwacha mke aende kwa jirani. Mkwe wangu alivua shati akavuta kiti.

Alishinda hapo mpaka Ijumaa. Alipakua draiva ya zamani, nayo ikadai haikitambui kifaa. Akalifungua faili lake, akaingiza kwa mkono namba ya kadi miongoni mwa zile zinazokubalika. Mfumo ukagundua kwamba draiva imechezewa, ukaifungia mlango. Akauwasha kwa njia ya kuuzima ulinzi wake. Yote haya alinieleza mimi, niliyekuwa nachambua mchele, kwa sababu ndimi pekee niliyekuwa nimekaa.

"Mama, unaona hapa?"

"Naona, mwanangu," nilimjibu, na nilichokuwa nakiona ni mgongo wake.

Na Ijumaa mchana, sitamnyima haki yake, kioo kiling'aa. Picha ikawa safi kama dirisha lililofutwa. Binti alikaa akachora milango, rafu, vishikio, kila kitu na kipimo chake. Alipofika kwenye droo ya mwisho aliinuka, akasema anaoga kwanza, kisha atamalizia.

Laiti mkwe wangu angetoka nje akapunga upepo. Lakini alikuwa ameshajipiga kifua kwa wenzake, na mmoja wao akamwandikia: ukizima ukawasha, itashika? Hakifi hawezi kuulizwa swali kama hilo akalala. Akazima, akawasha. Kumbe ule ulinzi alikuwa ameuzima kwa muda tu, na kompyuta ilipowaka ulirudi kazini, ukaikataa draiva, ukungu ukarudi. Angeuzima tena kama mwanzo, yangekuwa yamekwisha. Badala yake alibabaika, akafanya wanachofanya wote wakikwama: akafuta kila kitu ili aanze upya. Kila kitu, na kabati la mke wake ndani yake.

Binti alitoka bafuni na taulo kichwani, akatazama kioo. Mumewe akamwambia asijali, kesho itakuwa nzuri kuliko ilivyokuwa. Alivaa, akachukua vipimo vyake, akaenda kwa jirani. Nilimwona tena asubuhi, macho mekundu, akipita kwenda karakana bila kugusa chai.

Kazi aliipata. Hakifi naye aliifufua kadi kwa mara nyingine, na safari hii hata ukizima inashika. Mpaka leo akipata mgeni humsimulia kwamba wiki aliyoishinda ile kadi ndiyo wiki aliyoajiriwa mke wake, na hulisema hilo kwa namna ambayo mgeni hudhani jambo moja lilileta lingine. Mjinga hana haya.

Juzi nilikuwa na binti jikoni, tunamenya vitunguu.

"Bosi ametuuliza kama kuna anayemfahamu fundi wa kompyuta," aliniambia. "Zetu zote zinahamishiwa mfumo mpya. Atakayeipata hiyo kazi hatakosa la kufanya mwaka mzima."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia simfahamu yeyote."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kisu kikiendelea kukata. Miaka yote nimemsubiri mwanangu amwone mume wake kama ninavyomwona mimi. Nilifungua mdomo nimtetee yule mwanaume, nikakosa pa kuanzia.