Siku Niliyofunika Rejeta ya Mkwe Wangu

Wajukuu wangu wamezoea kunisikia nikijisifu, lakini hili naliandika nimeinamisha kichwa, maana aibu yake niliipika mwenyewe.

Ni enzi zile za kukimbilia dhahabu, huku Tarime kila mtu na kiroba chake cha mawe, na mimi nilikuwa na vyangu kumi na viwili kwenye lori aliloendesha Chacha, mume wa binti yangu, lori la tajiri, na kazi yenyewe kaipata juzi tu. (Kwetu mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe, hamtazami usoni, wala habishani naye. Kwa hiyo yeye mbele, mimi nyuma juu ya mawe na jirani yangu Mama Ghati.)

Njiani paipu ya maji ya kupoza injini ikapasuka. Chacha akafunga nyingine, akajaza rejeta, akaiacha injini inanguruma na mfuniko wazi, akashuka mtoni kuchota maji mengine. Mimi nawaza foleni ya karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nikateremka, nikachungulia: maji yamefika mdomoni, yanatoa mapovu. Imejaa, nini tena? Nikafunika, nikakaza kwa mikono hii iliyosaga ulezi miaka yote.

Aliporudi akanikuta pale, akasimama mbali, akanipa mgongo.

"Mama Ghati, naomba umwambie mama upepo ulionaswa ndani ya injini bado haujatoka. Ukitoka maji yatashuka, niongeze."

"Mwambie nilianza kujaza vibuyu yeye hajazaliwa. Twende."

Tukaenda. (Angefanyaje?)

Mlima wa kwanza tu, mvuke ukafumuka mbele, lori likazima. Wachimbaji waliokuwa wakipita wakatuzunguka.

"Dereva gani hujui kutoa upepo? Umeua injini ya watu. Leo unafukuzwa."

Chacha akainama kukagua tairi. Aibu yangu kaivaa yeye.

Nikateremka. "Mwacheni. Nimefunika mimi."

"Kumbe bibi ndiye fundi," mmoja akasema, wakacheka wote, mbele ya mkwe wangu.

Tukangoja injini ipoe mpaka jua likainama, na foleni ikanipita. Akajaza polepole, injini ikinguruma, mapovu yakitoka, maji yakishuka, akiongeza, hadi yakatulia. Injini ikapona, na kazi yake ikapona.

Mimi ndiye sijapona vizuri. Heshima niliyoidai ilimfunga mdomo mtu pekee aliyejua.

"Mama Ghati," nikasema, Chacha akisikia, "mwambie mkwe wangu nyumbani mimi ni mama mkwe. Kwenye lori mimi ni kiroba cha kumi na tatu."