Landrova Iliyotiwa Kalafati

Mimi ndugu yangu Shekhan namjua kuliko anavyojijua. Tangu utotoni ukimpa kazi moja atakufanyia mbili, na ile ya pili hukumwomba. Alikuwa fundi wa mashua pale Ras Kitau, na kwa tezo hapakuwa na wa kumshinda, hilo sitamdhulumu. Lakini aliyonifanyia mwaka wa hamsini na sita nikiyakumbuka hucheka mpaka mbavu zikauma, kisha hasira zikarudi.

Asili ya yote ni woga wangu. Mashua ilitupindukia mkondo wa Mkanda, nikameza maji hata nikaanza kupiga shahada. Nilipotolewa nikaapa kwamba sitapanda tena kitu kinachoelea, nikahamia Mokowe, bara, nikatulia. Watu wa Amu wakanicheka. Wacheke tu, hawakuyameza wao. Kisha binti yangu wa pekee, Jamila, akaolewa Mkokoni, ambako kila mtu huenda kwa mashua, na mwaka haukupita akashika mimba. Kwetu binti akizaa mtoto wa kwanza, mama yake huwa karibu naye. Mkunga alimkataza kusafiri, maana miguu ilikuwa imemvimba, basi ilikuwa niende mimi. Na gari la kunifikisha lilikuwa moja tu.

Lilikuwa la Bwana Abdulkadir, muuza nguo, landrova kuukuu ambayo haikuwahi kufika mbali. Ndia ya Mkokoni ilikuwa matope meusi, na kila safari gari lilikalia tumbo, magurudumu yakizunguka bure. Akapata magurudumu makubwa kutoka lori moja lililokufa. Alipoyafunga yakakwaruza bodi, usukani haukugeuka. Akayafungua, akayaegemeza ukutani, akakata tamaa. Mimi nikampelekea habari Shekhan.

"Dada, mimi sijapata kufungua gari," akasema alipofika.

"Ni mashua yenye miguu," nikamwambia. "Liinue tu."

Maneno hayo niliyasema mimi, nakiri. Laiti ningenyamaza.

Shekhan akalala chini ya gari asubuhi nzima, akipima kwa vidole na kujisemesha. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na yeye aliinama hata kanzu ikageuka rangi. Alipotoka alikuwa ameelewa. Bodi imekalia springi, springi zimekalia ekseli. Ukitia gogo kati ya springi na ekseli, bodi itapanda, magurudumu yapate nafasi. Akachonga magogo manne ya mbambakofi, kila moja unene wa vidole vinne, akamwambia mhunzi amfulie bolti ndefu za kuyabana. Gari akaliinua kwa boriti na kabari, kama wainuavyo mashua ya kutengenezwa. Magurudumu yale yakaingia, yakageuka kulia na kushoto bila kugusa kitu. Abdulkadir akalizunguka mara tatu akitabasamu. Sasa ilibidi apande kigoda ndipo aingie.

Hapo mtu mwingine angenawa mikono akaenda zake. Shekhan akachungulia sakafu ya gari, akaona matundu.

"Hiki hakitoki mkononi mwangu kikivuja," akasema.

Akatwaa pamba na mafuta ya papa, akalitia gari kalafati kama mashua: sakafu yote, viungo vyote, hata milango akaishindilia pamba isifunguke tena. Tukawa tunaingia kwa kuruka juu, maana paa halikuwa nalo. Gari likanuka papa mtaa mzima, na Abdulkadir, ambaye kazi yake ni kuuza nguo, akawa anakaa mbali nalo. Mimi nilifurahi. Nilidhani ndugu yangu amenipenda sana.

Siku ya nane akaja nahodha kutoka Mkokoni. Jamila ameshikwa na uchungu, na anauliza mama yuko wapi.

"Ngia mashuani, Bi Mwanamkisi, tuondoke," akanambia.

Nikamtazama kama aliyenitukana. Nikakimbilia kwa Abdulkadir, na Shekhan akapanda nasi.

Lo, gari lile lilikwenda! Matope yaliyolimeza mwaka mzima likayapita kama si kitu. Shekhan mbele alijivuna, akinigeukia kila mara nimsifu, nami nikamsifu, Mungu anisamehe. Alasiri tukafika kwenye kijito, cha mwisho kabla ya Mkokoni. Maji yalikuwa yanajaa. Kungoja yatoke ni mpaka usiku.

"Liko juu, litapita," akasema Abdulkadir, akaingia.

Katikati nikahisi kitu nikijuacho. Chini yangu pakawa pepesi. Nyuma ya gari ikanyanyuka, ikayumba, ikaanza kwenda upande kufuata maji, na magurudumu makubwa yakazunguka bila kugusa chini. Hata tone moja halikuingia. Nilikuwa ninaelea.

Nilimwita Shekhan majina ambayo mama yetu hakumpa. Alikuwa amekwisha ruka majini na kamba, amelishika gari kwa mbele lisichukuliwe, maji yamemfika kifuani. Abdulkadir hakuthubutu kuinua mguu kwenye mafuta, injini isije ikazimika.

"Dada," Shekhan akasema polepole, "chini ya miguu yako pana pamba. Ivute, maji yangie. Likiwa zito litakanyaga."

Nikamwambia ana wazimu. Nilitoboe mwenyewe, niingize bahari kwa mkono wangu? Niliogopa, sioni haya kusema, niliogopa kuliko siku ile ya Mkanda, maana siku ile sikuulizwa kama nataka.

Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wangu alikuwa ng'ambo ile, nusu saa tu, akiniuliza. Nikapiga bismillahi, nikachomoa pini ya buibui, nikaichimba pamba ile nikaivuta. Ilitoka ndefu kama utumbo wa kuku. Maji yakapanda, yakanifika kifundoni, magotini, mapajani, nami nimefumba macho nasoma kila nilichohifadhi. Kisha gari likashuka, likagota mchanga, likauma, likatutoa.

Nilifika Mkokoni nanuka papa, buibui limenigandama, viatu sijui viko wapi. Wanawake mlangoni wakanipisha bila kuuliza. Jamila alikuwa ameshika kamba ya kitanda, jasho linamtoka. Akanishika mkono, akashuka mpaka kwenye nguo yangu iliyorowa, akaipapasa mpaka kiunoni. Kisha akanitazama usoni, akalia.

"Mama, umengia majini kwa ajili yangu."

"Ya kusema tutayasema kesho," nikamwambia. "Sasa sukuma."