Kura ya Wezi

Watu wa mbali wakisikia Karatu wanadhani hatari yetu ni tembo anayeshuka kutoka msitu wa Ngorongoro kuja kula mahindi. Tembo ana adabu zake bwana, akija unamsikia. Kilichotusumbua mtaani kwetu ule mwaka wa mvua nyingi ni mtungi wa gesi kuondoka jikoni mchana kweupe, sufuria ikiwa bado ya moto. Leo mtungi, kesho televisheni, keshokutwa blanketi la mtoto mchanga limeanuliwa kambani na mtu asiyejulikana. Blanketi la mtoto mchanga! Mwizi wa namna hiyo hata shetani anamwonea haya.

Wizi wote ulifanyika mchana. Wengi wetu tuna nyumba mjini na shamba nje ya mji, kwa hiyo asubuhi tunakwenda kupalilia. Mimi shamba langu liko Qurus. Walioajiriwa nao wanakwenda kazini, nyumba zinabaki na kuku. Aliyekuwa akibaki nyumbani ni mwanangu wa mwisho. Yeye ni dereva wa watalii, na wakati wa masika watalii hakuna, basi utamkuta uani anaosha raba zake nyeupe na redio inaimba. Kijana mzima, saa nne asubuhi, yupo tu. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha mkutano kiwanja cha shule, Jumapili baada ya ibada, akatangaza kura ya siri. Asiyewahi kuiona nimweleze. Kila mtu mzima anapewa kipande cha karatasi, anaandika jina la anayemshuku kuwa ni mwizi, anakikunja, anakitupia kwenye ndoo. Kisha majina yanasomwa hadharani. Huulizwi umeona nini wala umeona lini. Uzuri wake, alisema mwenyekiti, ni kwamba aliyeandika hajulikani, kwa hiyo hakuna haja ya kumwogopa mtu.

"Mimi sijamwona mtu akiiba," nikasema. "Niandike nini, ndoto zangu?"

Jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke tunayeombana chumvi tangu tuhamie, akanivuta kanga. "Dada, andika bwana, usitucheleweshe. Karatasi haiumi." Nikaikunja ya kwangu tupu hivyo hivyo, nikatupia ndooni.

Jina la kwanza kusomwa lilikuwa la mwanangu. La pili, yeye tena. Likaja la mlevi mmoja wa sokoni, watu wakacheka, kisha la mwanangu, na la mwanangu, mpaka vicheko vikaisha na kila mtu akawa anatazama viatu vyake. Nikasimama. Nikasema aliyeandika ajitokeze, aniambie alimwona wapi na alibeba nini. Mwenyekiti ni mtu ninayemheshimu, lakini siku ile aliniudhi. "Mama, kaa chini," akasema taratibu. "Kura ni siri."

Polisi walimchukua, wakaja kupekua. Walipindua godoro langu, wakamwaga mbaazi zangu sakafuni, hawakupata kitu, wakamwachia. Sina ugomvi nao, walifanya walichotumwa. Lakini habari ilifika kwa bosi wake kabla yeye hajafika nyumbani. Mvua zikakatika, watalii wakarudi, magari yakawa yanapita barabarani yakielekea getini Ngorongoro, yeye hakuitwa hata tripu moja. Na kweli, nani atamkabidhi mgeni na kamera zake kwa mtu aliyepigiwa kura ya wizi? Akaacha kukaa uani. Akawa wa kushinda chumbani kama mgonjwa, chakula nampelekea, anakula nusu. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Nilikuwa nalia huko huko shambani ili asinione.

Halafu mwizi akakamatwa Mto wa Mbu, na televisheni ya watu kwenye buti la gari. Mungu wangu, kumbe fundi wa madishi! Yule mpole, anayemwita kila mwanamke mama mkubwa. Anapanda juu ya paa kukugeuzia dishi, na kutoka kule anaona ua wa kila mtu, nani ana nini na nani hayupo. Na sisi wenyewe tulikuwa tunamshikia ngazi. Kwenye ndoo ile hakupata kura hata moja. Mtu ana kazi, ana begi la vifaa, nani amshuku?

Mkutano ukaitishwa tena, mwenyekiti akatoa habari njema, watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimekwenda na mwanangu, nusu namvuta nusu namsukuma. Makofi yalipotulia nikasimama.

"Jina la mwanangu lilisomwa hapa mbele ya watu," nikasema. "Lisafishwe hapa hapa."

Mwenyekiti akajikuna kichwa. "Mama, una haki. Lakini nimwambie nani akuombe radhi? Ilikuwa siri."

"Basi, kazi rahisi. Ambaye hakumwandika mwanangu, asimame."

Jamani, walisimama wote. Wazee, vijana, kwaya nzima, jirani yangu akiwa wa kwanza, anajifuta vumbi kwenye sketi. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa tayari amesimama. Kiwanja kizima, aliyebaki amekaa ni mwanangu peke yake.

Wiki ile ile rafiki yake mmoja, Mmasai wa Arash, kule Loliondo, waliyewahi kufanya kazi pamoja, akamwitia kazi ya kuendesha lori la kupeleka ng'ombe mnadani. Nikamkatalia. Nikamwambia Loliondo ni mbali, na hapa mambo yameshakwisha, watu wameleta kuku, wameleta sukari, bosi wake mwenyewe amepiga simu kuuliza hali. Jina lako limeshakuwa safi, nikamwambia, sasa unakimbia nini?

Alikuwa anakunja mashati yake, hakuinua kichwa.

"Mama, wewe si uliona? Walisimama wote. Kesho nikitoka nje, nimsalimie nani?"