Kongosho la Obeid

Bertha, mzee wa kanisa huko Kalenga, ndiye aliyemtenga Obeid na meza ya Bwana. Alisikia kongosho limevimba na vimeng'enya vya ini vimepanda, akahukumu kuwa ni pombe ya ulanzi.

Leo amekwenda kumwona hospitalini Iringa. Obeid akamwomba daktari amweleze.

"Mama, ni mawe ya nyongo. Yameziba njia, kongosho na ini vikaumia. Hata asiyeonja pombe hupata."

"Nilikuapia, Mama," alisema Obeid. "Ukanijibu kila mlevi huapa."

Bertha aliinamisha uso kwa aibu. "Jumapili nitasimama mbele ya usharika, nikiri kosa langu."

"Basi sema kwa sauti. Mke wangu siku hizi huketi nyuma kabisa."