Uchafu wa Herufi D

Mutindi wa Kola alizaliwa na kinyaa chake. Katika ofisi yake ya kuchapa barua mjini Machakos, ukikohoa karibu na kibodi, kibodi ilifutwa papo hapo, ukiona. Ndiyo maana watu walishangaa alivyomvumilia Laban, fundi wa kompyuta, aliyeshika nyaya huku anakula mutura, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama, vidole viking'aa mafuta. Fundi mwingine angepatikana wapi? Wengine wote walikuwa Nairobi.

Mwaka wa 2001 kompyuta ilijaa. Katika sehemu ya diski iliyoitwa D mlikuwa na hadithi za marehemu mama yake, alizozisikiliza jioni kando ya kitanda cha mgonjwa na kuzichapa asubuhi. Nakala hazikuwepo tena. Disketi ziliota ukungu, naye akazitupa kwa kinyaa.

Laban akaongeza diski ya pili, kuukuu, iliyotoka ofisi fulani ya Nairobi. Mutindi akafungua D awasomee kina mama wa kanisa hadithi ya fisi. Zikajitokeza picha za uchi, kioo kizima. Mama mmoja akatoka nje kutema mate.

"Madam, usishtuke," Laban akasema, mdomo umejaa. "Hii mashine ikiamka inahesabu diski upya. Hiyo nimeweka ndio imechukua D. Yako imesonga tu, iko E."

Upuuzi mtupu. Mtoto wa Kikamba akizaliwa usiku ni Mutuku hadi kaburini, hata akihamia Syokimau. Habadilishwi jina kwa sababu mgeni amelala kwao. Lakini mashine hii ilibatiza upya kila ilipowashwa, na haikuona haya.

"Toa huo uchafu wako," Mutindi akasema, akaenda kunawa. Alinawa mpaka ngozi ikawasha.

Aliporudi, Laban alikuwa ametoka, kompyuta imezimwa. Mutindi hakumwamini. Mtu asiyenawa mikono atasafisha nini? Akaiwasha mwenyewe, akishika mausi kwa leso. D ilikuwa pale pale. Hakuifungua, asingestahimili kuziona zile picha mara ya pili. Akaamuru yote ifutwe. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo kwa ncha ya kalamu, uso ameugeuzia ukutani.

Laban akaingia akitafuna.

"Sasa unafuta nini, madam? Diski si niko nayo hapa." Akaichomoa mfukoni, imefungwa kwa gazeti lililoloa mafuta. "Hii ikitoka, yako inarudi kuwa D. Si nilikwambia inahesabu upya?"

Mutindi alitazama lile gazeti. Kisha akageukia kioo. Picha zote zilikuwa salama mkononi mwa Laban. D ilikuwa nyeupe tupu, safi kuliko kitu chochote alichowahi kukisafisha.